Mwamba wa Baba Kwenye Kioo

Mjukuu wangu Shabani,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako imefika, marahaba. Huko Tanga kifua kimepoa? Sisi hapa Kaole tunamshukuru Mungu. Bibi yako, mke wetu, goti linamsumbua, lakini jana kaenda msibani kwa miguu.

Umeuliza kama uache ufundi urudi tuvue pamoja, maadamu umeninunulia mashine inayochora chini ya bahari.

Nilipokuwa kijana kama wewe, baba alibandika sabuni ya mche kwenye risasi ya kamba ya kupimia kina, akaniambia niishushe. Penye mchanga, mchanga hunasa kwenye sabuni. Penye mwamba, sabuni hukwaruzika. Ilipopanda, sabuni imekwaruzika kote, alicheka: "Piga hodi, bwana, upo juu ya nyumba za watu!" Tulirudi na samaki, changu tele. Akasema mwamba ule ni wangu na wa watakaonifuata.

Juzi nilikwenda palepale na mashine yako. Nilijua baruti za wavuvi haramu zimepigwa sana pale, ila nilijipa moyo kwamba chini kumebaki kitu. Kioo kikaonyesha kifusi kitupu, wala samaki hapiti. Nikaomba dua, nikazima, nikawasha. Picha ni ileile.

Mashine ni nzima, Shabani. Miaka yote nilikuwa na tumaini kwa kuwa sikuona. Sasa nimeona, na sina cha kukurithisha. Usirudi.

Mke wetu ameshakufulia shuka, sijathubutu kumwambia.

Nijibu upesi.

Babu yako