Mkubwa Aliyenisifu

Nimetoka usailini sasa hivi. Nimekaa kwenye ngazi za jengo lao.

Unakumbuka ile akaunti bandia niliyofungua ili nijisifu, ukurasa wangu usionekane umedoda? Nilisahau kubadilisha akaunti. Nimejisifu kwa jina langu mwenyewe. Kwa picha yangu ya mahafali!

Mkurugenzi, mama mmoja mpole, akanigeuzia kompyuta, akasoma: "Kijana huyu ana kipaji. Atakayemwajiri hatajuta."

Akateremsha ukurasa kidogo, akasoma tena: "Asante sana mkubwa, umenitia moyo."

Nimejijibu! Nimejishukuru!

Akaniuliza, "Mwanangu, huyo mkubwa tunaweza kumpigia simu?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

NDIYO! Na kazi yenyewe ni ya kusimamia kurasa zao mtandaoni.

Wamesema watanijulisha. Watanijulisha nini tena hapo?

Nimeingia niufute ule ujinga, nikakuta umepigwa moyo mmoja. Wako. Tangu Jumanne! Yaani uliona, ukanyamaza?

Usinijibu.

Au nijibu, lakini niambie ulikuwa unakubaliana na huyo mkubwa.