Ngozi ya Kulalia na Siku ya Mawe

Baba yangu Ndahani,

Mbukwa, baba. Salamu hii nimekunyima miaka mingi. Leo naiandika kwa herufi nilizofundishwa misheni, kwa sababu ya jambo aliloniambia jana mjomba, kaka yake mama. Bado nimeduwaa. Ugali umepoa mbele yangu na sina habari nao.

Siku ile ya mvua ya mawe nilikuwa na miaka kama tisa. Nyemo, mdogo wangu, alikuwa na pengo mbele. Mama alikuwa ameenda kwao kumwuguza bibi. Mawe yalipiga paa la nyumba yetu ya tembe mpaka udongo ukatudondokea vichwani. Yalipopungua tu wewe ukatoka, nasi tulipochungulia nje tukakuta kijiji chetu cha Nzuguni chote ni cheupe pe.

Ulirudi na tope jeusi mpaka magotini. Ukaingia ndani, ukaikunja ngozi ya ng'ombe uliyokuwa ukilalia, ukatuambia twende mlimani. Ngozi ya kulalia, baba, kwenye maji! Nilidhani umerukwa na akili.

Juu ya mwamba ule wa nyuma ya kwetu ndipo nilipoiamini hadithi uliyotuchosha nayo. Ulipokuwa mpagazi wa Wadachi ulifika Kilimanjaro, ukawaona watu wazima wenye ndevu wakikalia ubao na kuteleza kwenye theluji, wakicheka kama watoto. Kijiji kizima kilikuita mwongo. Siku ile ukatutandikia ngozi juu ya mawe yale ya mvua, ukatukalisha mbele yako, ukasukuma kwa visigino, tukashuka. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Nyemo aliyatafuna mawe akalalamika kwamba hayana chumvi, nawe ukacheka mpaka machozi yakakutoka. Kila tulipofika chini nilisema, "Mara moja tu, baba," nawe ukapanda tena, ngozi begani.

Kesho yake mama akarudi, akapitia shambani kwanza. Uwele wetu uliokuwa umetoa masuke ulikuwa umelala chini wote. Alikuuliza ulikuwa wapi wenzako walipokuwa wakiokota walichobakiziwa. Jirani akamjibu kabla yako kwamba ulikuwa mlimani, unateleza na watoto. Hukujitetea. Siku ya tatu ukaondoka kutafuta kazi ya reli upande wa Kilosa, na homa ikakumaliza hukohuko. Njaa iliyofuata ikamchukua Nyemo.

Basi nikakuchukia. Naandika hili wazi, maana hata ungekuwa hai usingeweza kusoma.

Mwezi uliopita nilijifungua mtoto wa kiume. Ukoo ukataka aitwe jina lako, nikakataa. Nikasema simpi mwanangu jina la mtu aliyecheza juu ya chakula chetu. Jana mjomba akaja, akakaa, akaniuliza kama naikumbuka miguu yako siku ile. Nikajibu kwamba ilijaa tope, nikidhani ulikuwa umetangulia mlimani kupaangalia.

"Tope la wapi?" akauliza. "Kule juu ni mwamba mtupu."

Nilikuwa kama nimemwagiwa maji baridi. Akanisimulia kwamba mlikutana shambani, mawe yakidondoka bado mojamoja. Ulipita shamba zima ukiinua mabua, usipate hata suke moja la kuokota. Wenzetu walibakiziwa kidogo, sisi hatukubakiziwa kitu. Alitaka kuja kutuambia, ukamshika mkono.

"Usiwaambie wanangu," ulisema. "Njaa itawakuta tu. Leo waache wacheze."

Alilishika neno lako miaka yote hiyo, hata mama hakumwambia. Amelivunja kwa ajili ya jina tu.

Kwa hiyo ulijua. Ulipokuwa ukipanda mwamba ule tena na tena, tumboni huna kitu, ulijua. Mimi niliyaona yale machozi nikayaita kicheko, na tope nililiona pia. Naona aibu, baba, na naogopa kufikiri ni mangapi mengine niliyaona nisiyajue.

Asubuhi hii nimemwinua mtoto mbele ya wazee, nikamwita Ndahani. Sasa amelala juu ya kipande cha ngozi ile. Mama hakukitupa, nami sikuwahi kumwuliza kwa nini.

Pumzika, baba. Sasa naelewa kwa nini siku ile hukunikatalia hata safari moja.

Mwanao,
wa "mara moja tu"