Kipande cha 148

Nagaoka, 9 Januari 1994

Shangazi Tamae mpendwa,

Hili sijamwambia mtu yeyote, na naliweka kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitaishia hapo hapo: zile picha ulizomsifia baba kwenye simu siku ya mkesha wa mwaka mpya si za baba. Nilizichora mimi.

Sasa salamu. Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi tu wazima, theluji imefika dirishani, na mochi, keki za mchele za mwaka mpya, bado hatujazimaliza.

Nimeandika "tu wazima" na si kweli. Mkono wa kulia wa baba unatetemeka. Oktoba, studio yenu ya katuni iliporudisha karatasi thelathini zenye alama nyekundu, alikaa siku mbili akibadilisha balbu za meza ya taa, ile ya kioo anayochorea, akisema mwanga ndio mbovu. Sikuweza kumtazama. Tangu mama afariki nyumba hii ina watu wawili tu, na mmoja akihuzunika mwingine hana pa kwenda.

Nilitoa karatasi zake za zamani kabatini nikajifunza mstari wake. Saa kumi jioni baba huenda kuoga bafu la mtaani, kisha hucheza shogi, sataranji yetu, na wazee mpaka wakati wa chakula. Hapo ndipo nachora. Mchoraji mkuu ameshamchora Nagi, yule mwanamke wa filamu yenu, akitazama kushoto, kisha kulia. Mimi namgeuza kichwa hapo katikati, kama baba alivyofanya miaka ishirini. Jumamosi dereva wa vifurushi anaondoka na karatasi zangu. Za baba ziko chini ya godoro langu.

Na sasa umempa kipande cha 148 cha filamu! Pale Nagi, mwenye kumbukumbu zake ndani ya mwili wa mashine, anapoukuta mwili wake wa zamani ukikata tiketi stesheni, na hajui nani kati yao ni yeye. Karatasi themanini na nne. Baba anapiga mluzi nyumba nzima. Nifanye nini?

Mwanao,
Chizuru


Tokyo, 15 Januari

Chizuru, mjinga wangu,

Salamu zimefika, mgongo unauma, ahsante kwa kuuliza. Filamu imebakiza wiki tisa na studio nzima inanuka soksi. Barua yako nimeisomea chooni, ndiko pekee mtu anakoweza kulia kwa nafasi.

Niliona, mwanangu. Kazi yangu ni kukagua mistari, nisingekosa kuona. Ila sikukuona wewe; nilimwona kaka yangu wa miaka kumi iliyopita. Mstari mwepesi, usiosita. Ungekuwa mjanja ungeiga karatasi za mwezi uliopita, wewe ukaiga za kabatini! Nikajiambia, Tamae, mkono umepona, usiulize. Kwa hiyo kosa ni letu wawili.

Lakini sikiliza. Babu yako alianza hivi hivi, na bakuli la supu. Bibi akawa anamjazia nusu ili asimwage akaona aibu. Mwaka mzima, nusu bakuli. Alipofika kwa daktari wakamuuliza amechelewa wapi. Wa kuchora kipande cha 148 nitawapata. Mkono mwingine wa kaka nitautoa wapi?

Mwambie. Usipomwambia nakuja mwenyewe, na unajua mimi sijui kusema polepole.

Shangazi yako,
Tamae


Nagaoka, 24 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na mnakula chakula cha kupikwa, si tambi za kikombe tu.

Sijamwambia. Jumatatu nilisimama mlangoni nikasema, "Baba." Akasema, "Nini?" Nikasema, "Theluji ya paani." Tukapanda tukaiondoa. Jumanne nikasema, "Baba." Akasema, "Theluji tena?" Akacheka. Situlii, shangazi. Nakaa, nasimama, nafungua kitabu, nasoma ukurasa mmoja mara nne. Darasani natikisa goti mpaka Ozawa wa dawati la mbele akageuka: "Wewe, ni tetemeko la ardhi au ni wewe?"

Kuna jambo jingine. Baba amenunua miwani. Na jana amenunua ya pili. Alizishika karatasi zake kati ya vidole, akazipitisha harakaharaka kama mnavyofanya nyote, aone mwendo. Akakunja uso.

"Chizu, unaona mistari ikitetemeka hapa?"

"Sioni, baba."

"Ndivyo nilivyodhani. Mimi naiona, lakini Tamae anasema ni safi, na Tamae hajawahi kunisifia bure hata siku moja. Basi ni macho. Macho yamezeeka."

Nilisema ndiyo, labda ni macho. Kisha alipokwenda kuoga nilichora karatasi saba.

Nitamwambia. Kipande kikiisha nitamwambia.

Mwanao,
Chizuru


Tokyo, 28 Januari

Chizuru,

Hujambo. Nimefika kwenye miwani nikaacha kusoma.

Kaka anaona vizuri kuliko sisi sote. Anaona kilichopo, na mimi na wewe tunamwambia hakipo. Leo nimekigawa kipande cha 148 kwa vijana wawili wa hapa. Jumamosi usitume kitu. Mpaka umwambie, sina barua nyingine ya kukuandikia.

Shangazi


Nagaoka, 17 Februari

Shangazi Tamae,

Shikamoo. Wiki tatu hukuandika, kama ulivyosema, nami sikutuma kitu, ingawa baba alidhani karatasi zake zinaondoka kila Jumamosi. Najua baba alikupigia simu juzi, na najua mlivyopigiana kelele, maana nilisikia upande mmoja. Ila hajakusimulia yote.

Ilikuwa Jumapili. Alikuwa anavaa koti aende kuoga. Nilitoa karatasi zake chini ya godoro, nikaziweka mezani, na zangu pembeni. Kisha nikawasha meza ya taa.

Alipitisha zangu kwanza. Nagi akageuka vizuri.

"Hizi nilichora lini?"

"Hukuchora, baba."

Akapitisha zake. Uso wa Nagi ukawa unatikisika kama mtu anayesikia baridi. Akazirudia bila miwani.

"Kwa hiyo macho yangu ni mazima."

"Mazima kabisa."

"Tangu lini?"

"Oktoba."

"Oktoba!" Akaketi na koti lake. "Umenifanya kama yule mwanamke wa filamu. Nimetembea miezi minne na mkono wa mtu mwingine, napongezwa, naitikia ahsante! Ulidhani nitavunjika?"

"Ndiyo."

"Na wewe ungevunjika?"

Nikasema ndiyo tena. Hakwenda kuoga. Siku mbili alinipikia, akaniwekea chakula, hakunisemesha. Nilitamani anitukane. Nilizunguka vyumba vitatu vya nyumba hii kama paka aliyefungiwa. Jumanne asubuhi, baada ya kukupigia simu, alikuja mlangoni kwangu na karatasi zangu mkononi.

"Nywele hizi mbovu," akasema. "Kichwa kikigeuka, nywele hufika nyuma yake kidogo. Zako zinafika pamoja nacho, kama kofia. Tamae amezikubalije?"

"Sijui, baba."

"Mwongo na yeye." Kisha akasema, akitazama ukuta, "Kesho kuna shule?"

"Hakuna," nikasema. Ilikuwepo.

Jana nilimsindikiza hospitali. Tulisubiri kwa saa mbili, baba akisoma gazeti lililotandazwa magotini. Daktari alikuwa kijana, mpole. Alimpa karatasi nyeupe na kalamu, akamwomba aanzie katikati, azungushe mstari kuelekea nje, kama gamba la konokono.

Baba alishika kalamu. Akanigeukia. Mstari ule ningeuchora kwa pumzi moja, naye alijua.

Nilikalia mikono yangu, nikamwacha achore.

Mwanao,
Chizuru