Kalipa Nyekundu na Mkono wa Mama

Jumamosi, Tibirinzi. Mvua imekatika tangu asubuhi, jua limetoka kali, na mimi nina hasira ambayo swala tatu za leo hazijaipunguza.

Naandika ili nisiseme. Nikisema, nitamkosea mtu ambaye kwa miaka arubaini na moja nimefundishwa kumwita Kaka kabla ya jina lake.

Mama yangu amevunjika mkono.

Juzi, Alhamisi, nilirudi skuli mapema, nikalipandisha gari langu dogo kwa jeki, nikalikalisha juu ya matofali na kuvua magurudumu mawili ya mbele. Nilikusudia kuzipaka rangi kalipa, vile vyuma vinavyoibana diski ya breki. Hewa yetu ya chumvi ilikuwa imezijaza kutu. Nilizisugua kwa brashi ya waya, nikazipiga msasa, nikazifuta kwa petroli, nikazifunika diski kwa magazeti, kisha nikapuliza rangi nyekundu mara tatu. Pedi za breki nilizitoa kabisa, kwa kuwa pedi ikiingia rangi haishiki tena. Nilizifunga katika karatasi za mtihani wa zamani na kuziweka barazani.

Jirani yangu Bi Asha alipita akasimama. "Mwalimu, gari umelitia hina? Harusi ya nani?" Nikacheka naye. Nilikuwa na furaha ya kitoto, wala sioni haya kuikiri.

Gari lisilo na pedi za mbele halifai kutoka uani. Hilo nililijua mimi peke yangu.

Jana asubuhi Kaka Seif alinipigia simu. Alitaka gari ampeleke Mama Mgogoni kwenye hitima. Nikamjibu, "Kaka, limepakwa rangi, bado halijakauka."

"Kwani naenda kuliendesha au kulilamba?" Akakata simu akicheka.

Nami sikumpigia tena. Katika ukoo wetu, mdogo hamwambii mkubwa "hapana". Hutafuta udhuru, na mkubwa huupokea au huupuuza kama anavyopenda. Kaka amesikia nyudhuru zangu nyingi kuhusu gari hilo: mara mafuta yamekwisha, mara betri imelala. Nyingi zilikuwa za uongo, naye alijua. Huu wa jana ulikuwa wa kweli, lakini niliukata nusu. Sikumwambia kwamba breki nimezifungua. Niliogopa angecheka zaidi: mwalimu mzima, anafungua breki kwa ajili ya urembo.

Nilipotoka swala ya Ijumaa, gari halikuwepo. Kaka alikuwa amechukua ufunguo msumarini, akarudisha magurudumu, akakaza nati zote kwa ustadi, akamketisha Mama kiti cha mbele na kuondoka. Kwenye mteremko wa kwanza kanyagio la breki lilizama mpaka chini. Aliponea kwa kuvuta handibreki, gari likaingia katika shamba la muhogo na kugota kisikini. Yeye hana hata mkwaruzo. Mama alijikinga kwa mkono wa kulia.

Tangu jana wanakuja watu kumtazama hapa nyumbani kwangu, na kila anayekuja ana swali kwangu. Ami Juma, ndugu wa marehemu baba, aliuliza mbele ya wageni wote: "Breki nazo hutiwa wanja?" Wakacheka. Mama mwenyewe alicheka, mkono umo ndani ya plasta.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Kaka kwa nini alichukua gari ambalo hakupewa.

Hakuna!

Kaka alikaa pale kama mgeni wa heshima, akanywa chai yangu, akasimulia namna alivyoliokoa gari. Alivyoliokoa! Nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na banda la kuku.

Ninachokichukia zaidi ni kwamba hasira yangu si safi. Ningesema maneno mawili tu, "breki zimefunguliwa", Mama angekuwa anasuka ukili wa mkeka wake leo. Niliyaficha kwa woga wa kuchekwa, na bado nimechekwa. Kosa hilo ni langu. Lakini kosa langu halilifuti lake, na sitakubali watu wazima wanitwishe yote mawili kwa sababu tu nilizaliwa nyuma yake.

Leo baada ya Alasiri Mama aliniita kitandani. "Mwanangu, kakako ni mkubwa wako. Kesho nenda kamwombe radhi, nyoyo zitulie." Nimemwambia nitakwenda, na nitakwenda kweli. Nitamwambia Kaka: nisamehe, nilikuficha jambo ambalo lingeweza kumuua mama yetu. Kisha nitamwambia: na gari sikupi tena.

Sentensi hiyo ya pili sijawahi kuitamka maishani mwangu. Nimeijaribu mara tatu mbele ya kioo, na mara zote tatu nimeimalizia kwa "samahani".

Kesho nitaijaribu mbele yake, na nitanyamaza inapokwisha.