Machungwa ya Bakari

Lusangi, Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Namuomba Mungu barua hii, niliyompa Musafiri, yule dereva wa pikipiki, ikukute mzima huko Kabambare kwa Mama mdogo Aicha, na goti lako liwe limetulia. Sisi huku ni wazima, ila mimi nimechoka, Mama. Jioni nalala na viatu miguuni.

Kazi ni ile ile. Kila Jumatatu nazunguka mashamba kumi na mawili ya machungwa, nahesabu nondo, wale vipepeo wadogo wa usiku, walionaswa kwenye mitego. Ndani ya mtego mna harufu ya jike. Madume wanakuja wakidhani wanaenda kuposa, kumbe ni gundi. Dada Djamila ananicheka, eti nimesoma miaka yote hiyo niwe karani wa wadudu. Namwacha acheke.

Célestin, agronomu wetu, yule mtaalamu wa kilimo, alituwekea sharti moja: mti ambao mtego wake umenasa zaidi ya kumi kwa wiki, matunda yake yote yachumwe, hata mabichi, yafukiwe chini sana kabla funza, watoto wa nondo hao, hawajatoka. Watu walinung'unika lakini walitii. Jirani yetu Yvette, mjane wa watu, alifukia ya miti minne bila neno.

Mvua zilipoanza kupungua nondo walizidi. Wiki iliyopita machungwa ya Yvette yalianza kuanguka kabla ya wakati, manjano kwa nje, funza ndani. Sasa shamba zima limekwisha, na ndilo linalomlisha yeye na mwanawe Esther-Divine. Alikuja na chungwa moja mkononi akaniuliza: "Weye njo unahesabu. Sasa hii vidudu inatoka wapi?" Nilimjibu kwamba sijui.

Nilijua, Mama. Walitoka kwetu, kwenye mti wa Bakari. Tangu tumzike mdogo wangu, machungwa yake umeyafanya sadaka kwa watoto wa madrasa, na ulipoondoka uliniachia neno moja tu: asiyaguse mtu mpaka siku ya hitima. Wiki tatu mfululizo mtego wake ulinasa zaidi ya thelathini, na wiki zote tatu niliandika wanne. Sikukosea kuhesabu. Nilishindwa kukuandikia kwamba mwaka huu sadaka ya Bakari imeingia funza.

Jana nilimwambia Yvette ukweli. Hakunitukana. Aliingia ndani akafunga mlango.

Leo asubuhi nimeyachuma yote, hata yale madogo. Shimo nimelichimba kando ya mti, linafika kiunoni. Ni mara ya pili nachimba kwa ajili ya Bakari, na safari hii hapakuwa na mtu wa kunipokea jembe.

Nisamehe, Mama. Mpe Mama mdogo salamu zangu, na goti lile ulikande kwa maji ya moto.

Mwanao wa kiume aliyebaki,
Iliasi