Mlango wa Nyuma

Alhamisi, 5 Juni
Musoma hadi Bunda tena. Namsindikiza Wegesa mahakamani. Miaka kumi na tano, anashitakiwa kuiba simu ya mwajiri wake wa Kabasa. Sheria inataka asichanganywe na mahabusu wakubwa, na msichana awe chini ya uangalizi wa mwanamke tangu anatolewa hadi anarudishwa. Mwanamke huyo ndiye mimi, askari wa kike pekee kwenye zamu. Tunaingilia mlango wa nyuma, tunasubiri chumba cha mafaili, kesi inasikilizwa faragha. Hakuna anayemwona. Kazi hiyo naiweza.

Hakimu yuko tayari kumwachia kwa dhamana, ila akabidhiwe mzazi. Mama yake yuko Mugeta, alipelekewa ujumbe. Hakutokea. Nimemchukia mwanamke nisiyemjua.

Kurudi, tumepita Makutano, njia ya Butiama. Sikugeuza shingo. Mwanangu Neema yuko huko kwa bibi yake tangu Januari. Zamu zangu hizi.

Alhamisi, 19 Juni
Mama hakutokea. Siku kumi na nne nyingine.

Mchana karani, dada mmoja mwema, alinishikia zamu nikatafute chai. Kwenye benchi la ukumbi mkubwa mama mmoja akanikaribisha michembe ya karanga. Viazi vitamu vimekaushwa vizuri, vimeiva. Nikala, nikamfungia Wegesa kidogo. Alipoonja tu, kilio. Eti mama yake anapikaga hivyo hivyo. Nikamwambia kila mama wa Mara anapika hivyo. Nilikuwa na haraka.

Jumatatu, 30 Juni
Nimepiga simu Butiama. Bibi anasema Neema yuko nje anacheza. Nilimsikia akicheka karibu kabisa na simu.

Nyani haoni kundule.

Alhamisi, 3 Julai
Siku ya mwisho. Asipokuja mzazi, Wegesa anahamishiwa mahabusu ya watoto, mkoa mwingine. Usiku hakulala, macho mekundu. Kesi saa sita.

Saa tano na nusu nimetoka kunawa uso. Yule mama wa michembe yuko pale pale, kibakuli kile kile mapajani. Safari hii nimemuuliza anamsubiri nani.

"Mwanangu Wegesa. Hii ya tatu nakuja, afande. Walisema nisubiri kuitwa. Nakaaga hapa mpaka wanafunga, jina lake hawaliitagi."

Jina la mtoto haliitwi ukumbini. Hilo nalijua mimi. Yeye angelijulia wapi? Mara tatu wametenganishwa na ukuta mmoja, na mlinzi wa ukuta nilikuwa mimi. Nimemshika mkono, tumekwenda karibu tunakimbia.

Wegesa hakulia. Alishika upindo wa kitenge cha mama yake, hakuuachia mpaka hakimu alipomaliza kuandika. Amekabidhiwa. Wametoka kwa mlango wa mbele.

Kwenye ripoti nimeandika: mzazi amefika leo. Uongo. Nimeona aibu, lakini nimeandika.

Jumamosi, 5 Julai
Nimeomba siku mbili. Nimeshuka Makutano, bodaboda hadi Butiama.

Neema alikuwa anamenya viazi. Amenipa shikamoo ya mgeni, akaniletea kiti. Nimeumia.

Jioni ameniuliza kama nitalala. Nikasema nitalala. Amebeba begi langu, amekwenda kulificha uvunguni kwa bibi.

Nimeliona. Nimeliacha huko huko.