Mume Wangu Alimpa Mbwa Enaji, Sasa Anamlaumu Jirani

Mpendwa Mshauri Elmina, nisaidie haraka kwa maana moyo wangu hautulii. Tangu wezi waibe mtamba hapa kwetu Boito, mume wangu Kimeli anasema mbwa wetu Bosko analala sana, na Jumapili tuliporudi kutoka kanisani nikamwona akimimina enaji, kile kinywaji cha mkebe cha kufukuza usingizi, kwenye maziwa ya mbwa, nikamuuliza, "Baba Cheptoo, hiyo ni ya mbwa kweli?" akacheka, "Kama inaamsha madereva, itamwamsha na yeye." Haikukawia Bosko akaanza kuzunguka boma akihema, akatapika, akatetemeka mpaka akaanguka, na nilipomshika kifuani moyo ulikuwa unakimbia ajabu. Daktari wa mifugo alipouliza amekula nini, Kimeli akasema, "Ni Mogaka amemwekea sumu," kwa sababu jirani yetu huyo aliwahi kulalamika kuku wake wanafukuzwa na Bosko, na mimi nikanyamaza. Bosko bado ni mgonjwa, na kesho Kimeli anataka kwenda na ndugu zake kwa Mogaka, mtu aliyehamia huku na hana ukoo wa kumsimamia, na mke wake Phelis ndiye ninayechuma naye chai, jana aliniletea mboga akinipa pole, nikashindwa kumwangalia usoni. Nikisema ukweli nitamwaibisha mume wangu, nikinyamaza sijui watamfanya nini huyo baba wa watu. Nifanye nini?

Mama Cheptoo, Boito

Mama Cheptoo, pole sana. Jibu hili nakutumia kwa simu kabla halijachapishwa, kwa sababu mbwa wako hawezi kungoja gazeti.

Daktari aliuliza swali ambalo jibu lake ulikuwa nalo, nawe ukamwacha atafute sumu isiyokuwepo! Mpigie sasa. Mwambie ni enaji, na ilikuwa kiasi gani. Kafeini iliyomo, inayomfanya dereva akeshe, inaweza kuusimamisha moyo wa mbwa. Chai, kahawa, soda ya kola, hata majani ya chai mnayochuja na kutupa nyuma ya jikoni, asiguse. Usimtapishe wala kumpa dawa ya kienyeji.

Kisha mwite Kimeli kando, mkiwa wawili tu. Usimfokee, hakukusudia kumwua mbwa wake. Mwambie, "Nilikuona, na daktari ameshajua." Mpe nafasi awaambie ndugu zake mwenyewe, leo. Akikataa, waambie wewe, hata kama atanuna mwezi mzima. Aibu yake itapita. Mogaka akiumizwa, hilo halitapita, na utakutana na Phelis shambani kila asubuhi.

Piga simu, mama.